Chungu kinachojimwagilia maji: nimekaa nacho miezi 14 na mmea wa buibui

Nilinunua chungu hiki kwa sababu ya safari. Kazi yangu hunitoa nyumbani wiki mbili, mara nyingine tatu mfululizo, na mimea hubaki na mama. Mama ni mtu wa huruma. Akiona jani limelegea kidogo anamimina maji, kesho yake akipita tena anamimina tena. Safari ya mwisho kabla sijanunua chungu hiki nilirudi nikakuta mmea wangu wa buibui, ule wa ndani wenye majani marefu membamba yenye mistari, umekaa kwenye udongo mzito kama tope, majani ya chini yamekuwa manjano na laini, ukiyagusa yanakuja na mkono. Mmea ule ninao miaka sita. Sikumlaumu mama, ila niliona tunahitaji kitu kitakachotuonyesha sote wawili ni lini maji yanatakiwa na ni lini hayatakiwi.

Kwenye boksi la chungu palikuwa na picha ya mmea wa buibui, umestawi, watoto wake, yaani vimea vidogo vinavyoota nchani mwa vikonyo, wananing'inia pande zote. Hilo ndilo lililonifanya nikichukue bila kujiuliza zaidi. Sasa nina miezi 14 nacho, na nimeona kwamba picha ile haikuwa sahihi: chungu ni kizuri, lakini mmea mkubwa wa buibui si wa kuwekwa humo. Wanaofaa humo ni watoto wake.

Nianze na chungu chenyewe. Ni cha plastiki nene, vipande viwili. Cha ndani ndicho cha udongo, upana wa mdomo sentimita 17. Cha nje ni tangi, linaingia lita moja ya maji. Kitako cha chungu cha ndani kina matundu marefu membamba, na kupitia mawili kati ya hayo zimeshushwa tambi mbili za kamba laini hadi kwenye maji. Maji hupanda kwenye tambi hizo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye koroboi: udongo ukikauka, unayavuta, ukishiba, mvuto unapungua. Pembeni kuna tundu la kujazia, na kando yake kimrija chenye boya jekundu linalopanda na kushuka kati ya alama mbili, ya chini na ya juu. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna kitu cha kuharibika upesi. Kazi ya mikono ni safi. Kingo hazina makali, na vipande viwili vinaachana bila kung'ang'ania. Rangi haijapauka ingawa kinapigwa na jua la asubuhi kila siku.

Ili nisije nikakisifu au kukilaumu kwa kubahatisha, niliugawa ule mmea wangu. Niliutoa, nikakata zile sehemu zilizooza, nikapasua shina katikati kwa kisu kikali kila upande ukabaki na majani na mizizi yake. Nusu moja ikaingia kwenye chungu hiki, nusu nyingine kwenye chungu cha kawaida cha mfinyanzi chenye tundu chini. Udongo ni ule ule, mboji sehemu mbili, makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu moja, mchanga wa chenga sehemu moja. Vyote viwili nikaviweka kwenye rafu moja karibu na dirisha la mashariki lenye pazia jepesi, wala haviachani hata nusu mita. Mwanga huo unautosha kabisa mmea wa buibui. Unapenda mahali penye mwanga mwingi usiouchoma. Ukiuweka gizani hautakufa, ila mistari yake hufifia na watoto hawatoki.

Miezi mitatu ya kwanza nilidhani nimepata dawa. Nusu iliyo kwenye chungu kipya ilikimbia. Majani mapya yalitoka mapana, marefu, yanang'aa, na tangi lilikuwa likichukua siku 16 hadi 19 kuisha. Nilisafiri mara mbili, nikarudi, nikakuta kila kitu kiko sawa. Mama alishaelewa boya ndani ya siku moja. Ya mfinyanzi ilikuwa inakwenda polepole, majani mafupi yamejikunja, mtu akiingia sebuleni hata haioni.

Mwezi wa nne ncha za majani zikaanza kuwa kahawia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ncha za kahawia ndizo zinazowasumbua watu wengi wenye mmea huu, na chungu hiki kinayaongeza matatizo hayo kwa namna ambayo maelezo yake hayakuitaja. Ungeuangalia udongo wangu kwa juu, ungeona utando mweupe, mkavu, unaong'aa kidogo, umeshika ukingoni mwa chungu kama chumvi inavyoshika kwenye jiwe la ufukweni. Nilikwangua kwa ukucha ukatoka vipande vipande. Hizo ni chumvi za maji na za mbolea. Ukimwagilia kwa juu, maji hushuka, hupita kwenye udongo, hutokea chini na kuondoka na chumvi zake. Kwenye chungu hiki safari ni kinyume. Maji yanapanda kutoka chini, yanafika juu, yanakuwa mvuke na kuondoka, na chumvi inabaki pale pale. Mwezi baada ya mwezi inajikusanya, na mizizi inakaa katikati yake.

Juu ya hilo kuna floraidi. Mmea wa buibui ni miongoni mwa mimea ya ndani inayoumizwa upesi na floraidi, na maji mengi ya bomba huwa nayo. Inapanda na maji hadi mwisho wa jani, maji yanatoka, yenyewe inabaki kwenye ncha na kuichoma. Nilikuwa nikiyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha nikiamini yanasafika. Hiyo inasaidia kupunguza klorini, kwani ni gesi na inatoka. Floraidi haitoki hivyo. Kuchemsha ndiyo kabisa, maji yanapungua na floraidi inabaki ile ile. Nilichofanya ni kuhamia kwenye maji ya mvua kwa vyungu vyote viwili. Jani lililokwisha kuungua haliponi, kwa hiyo usikae unaliangalia hilo. Angalia majani mapya yanayotoka katikati. Baada ya wiki kama saba majani mapya ya chungu cha mfinyanzi yalitoka na ncha za kijani kibichi, zimechongoka, safi. Ya chungu hiki yalikuwa bado yana alama ndogo hadi nilipoanza kuuosha udongo: nakitoa chungu cha ndani, nakiweka kwenye sinki, namimina maji ya mvua juu polepole hadi yametoka chini kama mara mbili ya ujazo wa chungu, nakiacha kichuruzike, ndipo nakirudisha. Mara moja kila miezi miwili. Kwa chungu kinachouzwa kwa ahadi ya kukupumzisha, mtu anapaswa kuambiwa hilo tangu mwanzo.

Na mbolea msiiweke kwenye tangi. Ndani ya boksi mlikuwa na kifuko cha chembechembe za mbolea na maelezo yanasema zitiwe kwenye maji. Nilitia mara moja, ndipo ule utando ulipokuja kwa kasi. Siku hizi nachanganya mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, namimina juu ya udongo, mara moja kwa mwezi wakati mmea unakua, na ukipoa siweki kitu.

Mwezi wa sita kikaja kingine. Majani ya mmea ule yalikuwa marefu sana lakini hayana nguvu, yanakunjika katikati kwa uzito wake, na siku moja nilipofungua tundu la kujazia nikasikia harufu kama ya maji yaliyosahaulika kwenye chombo cha maua. Nikaunyanyua mmea na chungu chake cha ndani. Mizizi ilikuwa imepenya kwenye matundu yote ya kitako na kuingia tangini. Mingi ilikuwa myeupe na migumu, lakini iliyokuwa imezama moja kwa moja ilikuwa ya kahawia. Nilipoishika kwa vidole viwili na kuvuta, ganda lake la nje lilivuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba wa katikati.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa. Maelezo ya chungu yanasema boya lisishuke chini ya alama ya chini hata siku moja. Kwa mimea inayopenda unyevu usiokatika, sawa. Mmea wa buibui haukuumbwa hivyo. Asili yake ni Afrika, maeneo ya joto hadi kusini mwa bara, na mizizi yake ni minene, myeupe, imevimba kama vidole vya mtoto mchanga. Ndani ya uvimbe ule mna maji. Yaani mmea una tangi lake mwenyewe, umelibeba chini ya ardhi, unalitumia siku za ukame. Ukiuwekea tangi la pili chini ya la kwanza na kulijaza bila kupumzika, mizizi inakosa hewa. Unachohitaji ni udongo ukauke kwa juu, kama sentimita mbili tatu, kabla ya maji mengine.

Basi nikabadilisha utaratibu. Boya likilala, naacha siku tano hadi saba kabla ya kujaza. Harufu ikaisha na majani yakarudi kusimama. Mama lilimsumbua sana jambo hili.

"Mwanangu, boya limelala. Niongeze?"

"Ngoja siku nne mama."

"Unaona kabisa tangi tupu halafu unasema ningoje?"

Nikamchukulia kipande cha mzizi nilichokikata, nikakipasua mbele yake kwa kisu, akaona maji yakitoka. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye anayenikataza mimi.

Kasoro kubwa ya kiufundi niliigundua kwenye hicho kipindi cha kujaza na kungoja. Tangi halina tundu la kutolea maji yaliyozidi. Ukimimina kupita alama ya juu, maji yanapanda ndani ya chungu cha udongo na kukaa humo, na boya likishafika juu haliwezi kukuonya tena. Nilipasha msumari moto nikatoboa tundu dogo upande wa nyuma, sawa na alama ya juu. Kazi ya dakika mbili, na tangu hapo hakuna mafuriko. Kitu rahisi hivyo kilitakiwa kufanywa kiwandani. Ukinunua chungu cha aina hii, kigeuze ukikague kwanza. Kama hakina tundu hilo, litoboe kabla ya kupanda chochote.

Kasoro ya pili ni uzito. Tangi likiwa tupu chungu ni chepesi mno kwa mmea unaoning'iniza vikonyo upande mmoja. Paka wetu anapenda kuvichezea na kutafuna ncha za majani. Afya yake haina neno, mmea huu si sumu kwa paka wala mbwa, ila alivuta kikonyo siku moja chungu kikaja chote chini. Tangu hapo nimeweka kokoto safi kwenye sakafu ya tangi. Zinapunguza kidogo maji yanayoingia, na chungu kimetulia.

Lakini kilichoniamulia kabisa kilitokea mwezi wa tisa. Nilirudi safari ya siku 20. Boya lilikuwa juu, tangi limejaa, na mama ananiambia kwa wasiwasi kwamba halijashuka hata unywele tangu niondoke. Mmea ulikuwa umepauka, majani yamejikunja kwa urefu kama mfereji, dalili ya kiu. Nikaingiza kidole kwenye udongo: mkavu kama unga. Maji lita nzima yako chini, mmea uko juu yake unakufa kwa kiu.

Niliutoa kwa kupitisha kisu kirefu pembeni kuzunguka chungu, maana ulikuwa umekwama. Ulipotoka, sentimita tatu au nne za chini hazikuwa na udongo hata chembe. Ilikuwa mizizi mitupu, minene, imejiviringa na kubanana kama kamba kwenye kapu, na imelisukuma fungu lote la udongo juu kwa upana wa kidole. Tambi zilikuwa bado zimelowa vizuri, lakini vichwa vyake vilikuwa vimebanwa kati ya mizizi na hewa, havigusi udongo popote. Kazi yote ya chungu hiki inategemea utambi ushikane na udongo. Mmea wa buibui uliokomaa lazima utauachanisha, ni suala la miezi tu, maana ndivyo mizizi yake inavyokua. Kwenye chungu cha mfinyanzi mizizi ilikuwa imebanana vile vile, ila huko maji yanatoka juu, yanashuka, hayajali.

Mwezi huo huo yule ndugu yake wa mfinyanzi alikuwa na vikonyo vitano, kirefu zaidi kimeshuka karibu sentimita 80, kila kimoja kina maua madogo meupe ya petali sita na watoto wawili, watatu, nchani. Wa chungu hiki alitoa kikonyo kimoja tu. Mmea huu hutoa watoto zaidi mizizi yake ikiwa imejaa chungu na siku zinapokuwa fupi. Ukiupa nafasi na maji mengi, unatengeneza majani.

Nikaurudisha mkubwa kwenye mfinyanzi na nikabaki na chungu kitupu. Nilikuwa tayari kukitoa. Kilichokiokoa ni wale watoto waliokuwa wakining'inia. Nilikata sita, wale waliokuwa tayari na vijimizizi vifupi vya kahawia chini ya shingo, virefu kama punje ya mchele. Huwa nawaweka kwenye glasi ya maji siku 7 hadi 10 na wanatoa mizizi, lakini wakihamishiwa udongoni baadaye wengine hulegea wiki nzima kabla ya kuzoea. Safari hii niliwapanda moja kwa moja kwenye chungu hiki, wamezunguka zile tambi mbili, udongo mwepesi, makumbi ya nazi yakizidi kidogo.

Hapo chungu kikanionyesha kazi yake. Mtoto mchanga wa mmea wa buibui bado hana tangi mwilini. Mizizi yake ni myembamba kama uzi, na kinachomuua ni udongo kukauka siku mbili tatu za mwanzo. Hicho ndicho chungu hiki kinachozuia: unyevu wa kadiri, kila siku, bila kuzidi. Tangi lilidumu siku 24 kwa wale sita. Nilisafiri siku ya tatu baada ya kuwapanda, jambo ambalo zamani nisingethubutu, na niliporudi hakuna hata mmoja aliyelegea. Ukimshika jani na kumvuta kidogo, alikuwa anakataa; ameshashika. Baada ya wiki saba niliwatoa, mizizi imejaa nywele nyeupe, uvimbe ndio kwanza unaanza, na kila mmoja akaenda kwenye chungu chake cha kawaida. Niliwagawia majirani wanne, wawili wako bafuni kwetu penye dirisha.

Neno moja kuhusu boksi. Pembeni limeandikwa kwamba ukiweka mmea wa buibui ndani ya chungu hiki utasafisha hewa ya nyumba. Hoja hiyo inatokana na majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1989, ambamo mimea iliwekwa kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Nyumba ina milango na madirisha, hewa inaingia na kutoka. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring waliyapitia majaribio ya aina hiyo na kukadiria kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kuifikia kazi ambayo hewa inayopita nyumbani inafanya yenyewe. Nunueni mmea huu kwa uzuri wake na kwa uvumilivu wake. Kwa hewa, fungueni dirisha.

Kwa hiyo nakipa nyota tatu kati ya tano kama kilivyouzwa, na nne kwa mtu atakayekitumia kama kitalu cha watoto. Nyota moja imeondoka kwa lile tundu lisilokuwepo na nyingine kwa maelezo yanayomwagiza kila mtu asiache tangi likauke, bila kujali mmea gani uko ndani. Mwenye mmea mkubwa wa buibui na anayesafiri kama mimi, amwagilie vizuri kwa juu siku ya kuondoka, ausogeze nyuma kidogo ya dirisha, aende zake. Wa kwangu wa mfinyanzi umekaa siku 16 bila tone na niliukuta umesimama.

Tambi nimezibadilisha mara moja, mwezi wa 11, zilipoanza kuwa ngumu kwa chumvi. Nilitumia kamba ya pamba nene iliyosukwa na inafanya kazi sawa na za kwanza. Sasa hivi chunguni mna kundi la tatu la watoto, saba safari hii, wana siku 12. Boya liko katikati.